Jibu la Jumapili ya Mavuno

Mwalimu Wamalwa alipoinua mikono nimpime kifua, nilisahau kuhesabu. Tepu ilikuwa imemzunguka, ncha zote mbili nimezishika mimi, na macho yangu yalikuwa kwenye kifungo cha pili cha shati lake kana kwamba sijawahi kuona kifungo. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tatu. Nilikuwa na duka la vitambaa hapa Eldoret, cherehani mbili, na kijana wa miaka ishirini na miwili. Mume wangu Waweru alikuwa na miaka saba kaburini. Hayo yote niliyajua vizuri, lakini bado sikuweza kusoma namba iliyokuwa mbele ya pua yangu.

"Ngapi?" akauliza.

"Subiri."

"Hii ni mara ya tatu unanipima, Mama Gathogo. Mimi si mnene hivyo."

"Wewe simama wima. Kanzu ya kwaya ikikubana siku ya Mavuno utasema ni fundi."

Akasimama wima. Alikuwa na miaka arobaini na minane, karani katika kiwanda kimoja cha mbao, na mwalimu wa kwaya ya kanisa letu kwa miaka kumi. Mkewe alikuwa amefariki, na binti zake wawili wameolewa huko Bungoma. Watu walimwogopa kidogo. Alikuwa akiandika do-re-mi ubaoni kwa chaki, na mtu akikosea noti moja, kwaya nzima ilirudi mwanzo.

Jumapili ya Mavuno ya mwaka huo wa 1985 haikuwa ya kawaida. Mwaka uliotangulia mvua ilikuwa imetunyima, na watu walikula mahindi ya manjano ya msaada. Sasa ghala zilikuwa zimejaa, kila mtu alitaka kushukuru, lakini kanisa letu lilikuwa limegawanyika. Tangu Pasaka tulikuwa na ibada mbili. Ya asubuhi ilikuwa ya wazee, kitabu cha nyimbo na kwaya ya Wamalwa. Ya saa tano ilikuwa ya vijana, magitaa, spika na mapambio, na aliyeiongoza alikuwa mwanangu Gathogo. Wazazi wakitoka, watoto wanaingia. Tulisalimiana getini kama watu wa dini mbili. Mchungaji Kipyego alivumilia miezi kadhaa, kisha akatangaza kwamba siku ya Mavuno ibada itakuwa moja, nyimbo za kitabu na mapambio pamoja, na viongozi hao wawili watapanga jinsi ya kuimba.

Niliandika namba ya kifua. Nilipoinua kichwa nikamwona Wamalwa anagonga meza yangu kwa vidole. Hakugonga kama mtu aliyechoka kungoja. Kidole gumba kilikuwa na kazi yake, vile vingine vina kazi yao, haraka, bila yeye mwenyewe kuangalia.

"Hivyo vidole vinapiga nini?" nikamuuliza.

Akavificha mfukoni. Kisha akaona haya, akavitoa.

"Litungu," akasema. "Ni kinanda cha sisi Wabukusu, nyuzi saba. Nilikuwa nikipiga zamani. Harusini, kwenye tohara, na kwenye pombe pia, siwezi kukudanganya. Nilipookoka, baba yangu aliniambia nichague kati ya Yesu na litungu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nikaliweka kwa kaka yangu Kitale, juu darini. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunisikia."

"Na Yesu alikuambia uchague?"

Alinitazama muda mrefu. Alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza sana, macho ambayo kwenye mazoezi ya kwaya yalikuwa yakinipita haraka haraka, yakienda kwa soprano na kurudi. Siku hiyo hayakunipita.

"Weka hiyo tepu chini kwanza," akasema. "Nina jambo, Njambi."

Tangu Waweru afe hakuna mtu mjini aliyeniita kwa jina langu. Nilikuwa Mama Gathogo sokoni, Mama Gathogo benki, Mama Gathogo kanisani. Niliweka tepu chini.

"Nataka kukuoa," akasema. "Kanisani. Matangazo yasomwe Jumapili tatu, watu wote wasikie. Sitaki kuja hapa jioni jioni kama mtu anayejificha. Na nyinyi watu wa Murang'a mna taratibu zenu, nitazifuata. Lakini nataka nisikie kwako kabla ya kusikia kwa wazee."

Moyo wangu ulisema ndiyo pale pale, na nusura mdomo uufuate. Niliuzuia. Mwanamke aliyekaa peke yake miaka saba hujifunza kujua kitu anachokitaka, na mimi sikutaka nusu yake.

"Nitakujibu Jumapili ya Mavuno," nikamwambia. "Lakini kabla ya hapo nataka nikusikie ukipiga litungu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu akija kwangu aje mzima. Sitaki kuishi na wewe miaka ishirini halafu siku moja niambiwe kuna kitu chako kiko darini Kitale."

Hakucheka. Alichukua kofia yake, akaenda, na mlangoni akageuka akanitazama tena. Nilibaki na kitambaa cha zambarau cha kanzu yake mapajani mpaka chai ikapoa.

*

Sikutaka Gathogo asikie kwa watu. Kesho yake, tukila githeri ya mahindi na maharagwe mchana, nilimwambia.

"Mwalimu Wamalwa ameniposa."

Kijiko kilibaki hewani. Gathogo alikuwa amechukua sura ya baba yake yote, hata ile namna ya kukaza taya.

"Yule? Yule aliyesema mapambio yetu ni kama matangazo ya sabuni kwa redio?"

"Yeye."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema atasubiri."

"Mama, yule mzee alishika kwaya akafukuza kila mtu hajui do-re-mi. Mimi alinifukuza nikiwa na miaka kumi na saba, unakumbuka? Eti sina sikio. Sasa anataka kushika na meza ya baba."

"Meza hii niliinunua mimi."

"Unajua nasema nini." Akasukuma sahani. "Baba mkubwa Macharia anajua?"

"Atajua nikimwambia."

"Atasema umemsahau baba."

Hapo nilimwangalia mpaka akainamisha macho. "Gathogo, nilimuuguza baba yako miezi kumi na minne. Nilimwogesha na mikono hii. Hakuna mtu Eldoret hii atakayenifundisha kumkumbuka Waweru. Lakini yeye amepumzika, na mimi niko. Usiku nikimaliza kushona nazima taa naongea na ukuta. Wewe una magitaa yako na marafiki zako, na utaoa uende. Ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Mimi nibaki naongea na ukuta?"

"Naweza kuhama," akasema kwa sauti ndogo. "Nipange chumba mtaa wa Langas."

"Hama ukiwa tayari. Usihame kwa hasira, utarudi kwa aibu. Kula."

Alikula. Lakini hakuniambia neno lingine mpaka Jumamosi.

*

Mazoezi yalikuwa saa nane mchana. Kwaya ilikaa kushoto, mimi nikiwa kwenye alto mstari wa pili, na vijana wakakaa kulia na magitaa matatu na ile spika yao inayonguruma hata kabla haijaguswa. Katikati, kwenye benchi la mbele, alikaa Mzee Macharia, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu na mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mikono juu ya fimbo. Alikuwa amekuja kuhakikisha hakuna kitu kitaharibika.

Wimbo wa kufungua ulikwenda vizuri. Shida ilikuwa kwenye sadaka. Siku ya Mavuno watu huja mbele na magunia, maboga, kuku, kila mtu na alichonacho, na wimbo wa kitabu una beti nne. Tukaujaribu. Beti zikaisha, na kama ingekuwa kesho, nusu ya watu wangekuwa bado wako kwenye viti.

"Hapo ndipo tunaingia na pambio," Gathogo akasema. "Pambio linaweza kwenda hata nusu saa."

"Pambio lako lina mistari miwili," Wamalwa akamjibu. "Nusu saa ya mistari miwili. Watu watalala kabla kuku hawajafika."

"Hawalali wakicheza."

"Hakuna kucheza hapa," Mzee Macharia akasema bila kugeuka.

"Basi Mwalimu atuambie tufanye nini. Si yeye anajua kila kitu?" Gathogo alikuwa amesimama sasa, gitaa likining'inia kifuani. "Anatuamrisha hapa, na akitoka hapa anaenda kutaka kuniamrisha kwa nyumba ya baba yangu."

Polepole, vichwa vyote vikageuka kwenye alto, mstari wa pili. Wamalwa alikuwa ameshika kijiti chake cha kuongozea, uso umekauka. Alifungua mdomo, na nikajua angejaribu kunifunika, angesema kijana amekosea, hakuna kitu kama hicho. Sikumpa nafasi.

Nilisimama.

"Ni kweli," nikasema. "Mwalimu Wamalwa ameniposa. Aliniambia mchana, dukani kwangu, mlango ukiwa wazi. Bado sijamjibu. Nitakapomjibu nitamjibu mimi mwenyewe, kwa hivyo nyinyi wengine msijisumbue. Leo tumekuja kupanga sadaka ya Mungu. Tuendelee."

Nikakaa. Esther, aliyekaa karibu nami, alinifinya mkono.

Mzee Macharia alikuwa amegeuka sasa. Alinitazama, kisha akamtazama Wamalwa. Wamalwa aliweka kijiti juu ya mimbari. Akatoka nje kwa mlango wa pembeni.

Nilidhani ameondoka. Kwa dakika nzima nilikaa nikiangalia ule mlango, na nikajiambia, basi, Njambi, kama huyu ni mtu wa kukimbia ni afadhali umejua leo. Halafu nikamwona anarudi na kitu kimefungwa kwa gunia la mahindi. Alikaa juu ya ngazi ya madhabahu, akafungua kamba. Lilikuwa litungu la zamani, mbao zimekuwa nyeusi, ngozi yake imepauka, nyuzi mpya zinang'aa.

"Nililileta jana kutoka Kitale," akasema. Alikuwa anaongea na wote, lakini alikuwa ananitazama mimi. "Nimeliacha nje kwa sababu sikuwa nimeamua."

"Hiyo ni ya pombe," Mzee Macharia akasema. "Mimi nimekaa na Wabukusu hapa tangu tununue shamba, najua. Hiyo inapigwa watu wakinywa."

"Ni kweli, Mzee," Wamalwa akasema. "Nimelipiga watu wakinywa. Baba yangu aliniambia maneno hayo hayo."

"Basi lirudishe kwenye gunia."

Na hapo, aliyejibu alikuwa Gathogo.

"Baba mkubwa," akasema, "mwaka juzi uliniambia gitaa ni ya baa."

"Ndiyo, nilikuambia."

"Uliniambia hapa hapa, mbele ya watu, niende nikapige kwa baa. Nililia, Mama anajua." Alikuwa bado na hasira, lakini hasira ilikuwa imehama. "Leo magitaa iko tatu na wewe umekaa mstari wa mbele. Hatukubadilisha gitaa. Ni hii hii. Mwache apige tusikie."

Mzee Macharia aliguna kidogo.

Wamalwa akapiga. Mwanzoni vidole vilikuwa vigumu, alikosa mara mbili, akaacha, akapangusa mikono kwenye suruali. Mtu huyu aliyekuwa akiturudisha mwanzo kwa noti moja alikosa mbele yetu sote, akaanza tena. Halafu kidole gumba kikashika mwendo, na nikausikia wimbo. Ulikuwa ule ule wa kitabu, wa beti nne, tunaouimba kila mwaka kama watu wanaovuta mkokoteni. Lakini sasa ulikuwa unatembea. Ulikuwa na hatua za mtu anayetoka shambani na mzigo mzuri. Na kila ubeti ulipoisha, nyuzi ziliendelea, zikingoja, hata mtu angeweza kuweka pambio hapo, na likae kama limetengenezewa mahali.

Sikujua kwamba nalia mpaka Esther aliponipa kitambaa. Sikulia kwa ajili ya wimbo peke yake. Nilikuwa nimemwona kijana wa miaka ishirini na mmoja, ambaye hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amemwona, na alikuwa amemleta mbele ya kanisa zima kwa sababu nilimwomba.

Gathogo alikuwa amesogea. Alisogea hatua moja, halafu nyingine, mpaka akachuchumaa mbele ya Wamalwa akiangalia vidole.

"Huo uzi wa tatu," akasema, "uko katikati. Si E, si F."

"Ndivyo ulivyo."

"Gitaa haitaupata."

"Usiutafute. Ukifika hapo wewe nyamaza, uniachie mimi. Halafu urudi." Wamalwa akainua macho. "Una sikio zuri. Nilikosea siku ile."

Gathogo alivuta kiti, akakaa, akaanza kukaza na kulegeza nyuzi zake mpaka gitaa likakubaliana na litungu. Ilichukua muda. Hakuna aliyeondoka. Tulipoimba tena, kwaya iliimba ubeti, vijana wakajibu na pambio, tukarudi kwenye ubeti, na tulipofika ule wa tatu sikuweza tena kujua nani ni wa ibada ya asubuhi na nani ni wa saa tano. Mzee Macharia hakuimba. Lakini hakutoka.

*

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Gathogo, jua likiwa bado juu ya mashamba ya ngano.

"Kesho nitamkubali," nikamwambia.

Tulipita posho mili, pale pa kusagia mahindi.

"Nilikuaibisha leo," akasema.

"Ulijaribu. Sikuaibika."

Akacheka kidogo, bila kutaka. "Sitamwita Baba, Mama. Usiniombe hiyo."

"Mwite Mwalimu. Ndivyo hata mimi ninavyomwita."

"Na picha ya Baba itabaki sebuleni."

"Nani alisema itaondoka?"

Akanipokea mfuko wa mboga nilioubeba, akauweka begani, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hatahamia Langas mwezi huo.

*

Ibada ya Mavuno ilikuwa ndefu, na hakuna mtu aliyeangalia saa. Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba wimbo wa sadaka ulikwenda mpaka boga la mwisho likafika mbele, na kwamba kina mama wa ibada ya asubuhi walicheza, nami nikiwa mmoja wao. Mchungaji Kipyego alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo ibada ni moja, na aliyetaka kulala mpaka saa tano atafute kanisa lingine. Watu walicheka, wakapiga makofi.

Baada ya baraka tulitoka nje kwenye mnada wa mavuno. Kuku walikuwa wanapiga kelele, kijana mmoja anatangaza ndizi, na nikamwona Wamalwa anakuja kwangu kupitia katikati ya watu, polepole, akisalimia huku na huku kama mtu asiye na haraka. Lakini shingo ya shati ilikuwa imelowa jasho.

"Ni Jumapili ya Mavuno," akasema aliponifikia.

"Najua. Nisubiri hapa kidogo."

Nilimwacha hapo, nikaenda kwa Mzee Macharia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chini ya dirisha la kanisa akichagua viazi.

"Mzee," nikasema, "nimekuja nikuambie mwenyewe, usisikie kwa watu. Ninaolewa na Wamalwa."

Aliendelea kugeuza kiazi mkononi. "Waweru alikuwa ndugu yangu."

"Na alikuwa mume wangu. Nilimpenda. Wewe ni shahidi."

"Mimi ni shahidi," akakubali. Akaweka kiazi chini. "Matangazo yakisomwa, mchungaji atauliza kama kuna mtu ana pingamizi."

"Atauliza."

"Nikisimama?"

"Ukisimama, Mzee, nami nitasimama nikujibu. Mbele ya watu wote, kwa heshima. Umenisikia jana, unajua naweza."

Alinitazama kwa yale macho yake madogo makali. Kisha kitu kikalegea usoni mwake, kitu cha uchovu na karibu cha furaha.

"Haya. Sitasimama," akasema. "Magoti yananiuma. Lakini huyo Wamalwa aje nyumbani kwangu na wazee wake. Tusikie wanaongea nini. Na asije na hicho kinanda."

"Atakuja nacho, Mzee."

"Najua," akasema, akarudi kwenye viazi.

Wamalwa alikuwa bado pale pale nilipomwacha, kofia mkononi, kama mtu aliyeambiwa asisogee apigwe picha. Nyuma yake nilimwona mchungaji akifunga Biblia yake kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, tayari kuondoka kwenda ibada ya Cheptiret.

"Mwambie mchungaji asome matangazo Jumapili ijayo," nikamwambia.

Alinitazama bila kuelewa, halafu akaelewa.

"Nilidhani utasema ndiyo kwanza," akasema.

"Ndiyo." Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. "Sasa nenda, anaondoka."

Mchungaji alikuwa amepiga teke la kwanza la pikipiki. Wamalwa akavaa kofia, ikaanguka, akaiacha chini, na mbele ya kwaya yake yote, soprano, alto na wengine, akakimbia.